Poncho Iliyobaki Chini ya Paa

Habari ya kifo cha kaka yangu niliipata redioni, nikimenya viazi vya asubuhi. Redio ya Sicuani husoma matangazo ya watu wa milimani kila kunapopambazuka, kwa Kikechua chetu: nani kapoteza lama wake wa kubebea mizigo, nani anaitwa nyumbani, mkutano wa mfereji uko wapi. Huwa nasikiliza kwa sikio moja tu. Siku ile mtangazaji alikohoa, kisha akasoma: "Eudosia Chuctaya, anayekaa karibu na soko la sufu. Kaka yako Nazario amepumzika jana, huko Yanakocha. Wifi yako Gumersinda anasema uje leo, na ulete mishumaa, huko ni michache." Halafu akaendelea na fahali mwekundu aliyevunja zizi.

Nilimaliza kumenya kiazi kilichokuwa mkononi, nikakiosha, nikakiweka pamoja na vingine. Kisha nikapiga magoti palepale kwenye maganda nikamwombea. Nazario ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na kamba zake za sufu ndizo zilizonipeleka kwa masista nikasoma hadi sekondari. Sikuwa na mzazi mwingine.

Nilifika Yanakocha mchana. Mvua ilikuwa imekatika na nyasi za paa zilikuwa zinatoa mvuke juani. Gumersinda alikuwa mlangoni ananingoja. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu Vicentina, mke wa kaka yangu, kwa hiyo kwangu naye ni wifi, na tumetaniana tangu sijang'oa meno ya utoto. Hakunikumbatia kwanza. Alipokea furushi la mishumaa akalipima mkononi.

"Membamba," akasema. "Huko mjini hata mishumaa inakonda."

"Wifi, kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko ndani. Katulia kuliko alivyowahi kutulia." Ndipo akanivuta kifuani, nikasikia mabega yake yanatikisika. "Alikuwa kwenye jiwe lake pale uani, Eudosia, jua linampiga usoni, kamba kaibana kwa kidole gumba cha mguu. Nikadhani kasinzia. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nikamwambia, amka wewe mzee, supu inapoa."

"Angekujibu nini?"

"Angesema supu yangu haijawahi kuwa moto."

Tukacheka, tukalia, tukaingia ndani.

Alikuwa amelazwa juu ya ngozi za alpaka, wale wanyama wetu wa sufu, uso wake mwembamba umetulia. Nilimbusu paji la uso. Kisha nikamwambia Gumersinda tumvishe poncho yake nyekundu, vazi la sufu la kupitisha kichwani, ile aliyofumiwa na Vicentina kwa ajili ya harusi, ambayo aliivaa siku za sikukuu tu. Gumersinda akatikisa kichwa.

"Hiyo siigusi. Njoo uone mwenyewe."

Akanizungusha nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaotazama mawio. Poncho ilikuwa inaning'inia chini ya paa kwenye kigingi cha mti, pale alipoianika baada ya sikukuu ya Mama wa Rozari. Kwenye mkunjo wa bega palikuwa na kiota, kikubwa kama konzi ya mkono, cha nyasi laini, manyoya na sufu nyeupe, kimefungwafungwa kwa utando wa buibui. Ndani yake alikaa ndege mvumaji, yule mdogo anayenyonya maua, jike, mkia umejitokeza upande mmoja na mdomo mrefu upande wa pili. Alitutazama kwa jicho moja. Hakuondoka.

"Ana watoto wawili chini yake," Gumersinda akanong'ona. "Kaka yako alisema poncho si yake tena mpaka hao wahame. Alinitaka niape."

"Ukaapa?"

"Kwa Mtakatifu Yakobo na farasi wake. Sasa nifanyeje?"

Kwa hiyo tulimvisha ile ya kahawia, ya kazini. Padre yuko mbali na njia ilikuwa na matope, basi mimi na katekista wa Yanakocha tukaongoza sala. Wanaume wakambeba hadi makaburini, tukamlaza karibu na Vicentina wake. Mvua ilinyesha kidogo na kuacha. Kila mmoja akatupa udongo kwa mkono.

Kwetu, hata hivyo, kuzika si kuagana. Siku ya tano ndugu hukusanya nguo zote za marehemu, hadi soksi, wakaenda kuzifua mtoni. Zilizochakaa huchomwa, nzuri wanagawana jamaa, na roho hupata njia yake nyepesi. Ikibaki moja haijafuliwa, wazee husema mwenyewe atairudia, atazungukazunguka nyumba akiitafuta, hatafika anakokwenda. Mimi kila Jumapili nawafundisha watoto katekisimu. Najua roho iko mikononi mwa Mungu, haiko kwenye mfuko wa suruali. Lakini nguo za mama yangu nilizifua mtoni nikiwa mdogo, na ni pale nilipoziona zimekauka juu ya nyasi ndipo nilipoweza kula tena. Nilimtakia kaka yangu hivyohivyo, asidaiwe na chochote hapa duniani. Nami ndiye ndugu yake pekee wa damu, hivyo neno la mwisho kuhusu nguo zake lilikuwa langu.

Siku za kungoja ule ufuaji watu walikuja kukaa nasi, wakatafuna majani yao ya koka, wakala viazi na jibini, wakamzungumza. Aliyezungumza kuliko wote alikuwa Sabino, jirani yetu, ambaye ujanani alikuwa akisafiri na Nazario na lama wao, wanashuka mabondeni na nyama kavu na kamba, wanarudi na mahindi. Habari ya posa yeye ndiye anayeijua vizuri, kwa maana alikuwepo.

"Mnajua huyu mtu aliposa kwa ndege?" akaanza.

"Tunajua," Gumersinda akasema. "Ilikuwa nyumbani kwetu. Endelea, nitakusahihisha."

"Basi. Nazario alikuwa anampenda Vicentina, lakini ulimi wake ulikuwa mzito. Akimwona tu anageuka kisiki. Tukiwa bondeni, mwanamke mmoja muuza dawa sokoni akamwambia, kijana, tafuta ndege mvumaji aliyekufa, mzima mzima, asiwe na jeraha. Mweke ndani ya kofia yako. Binti atakufuata kama lama anavyofuata chumvi."

"Na wewe ukamwacha aamini!"

"Mimi nilimtafutia huyo ndege, mama! Njiani kurudi tulilala kwenye pango. Baridi ya Juni, maji kwenye kibuyu yameganda. Alfajiri tunaamka, hivi, ukutani, tunaona ndege mvumaji kajishikiza kwenye ufa wa mwamba. Nikamgusa. Baridi kama kijiwe. Macho yamefumba, hapumui hata kidogo. Nikamwambia Nazario, Mungu kakuletea mchumba. Akamchomoa taratibu, akamfunga kwenye kitambaa, akamtia kwenye kofia, akaivaa. Tulikuwa karibu na kwao Vicentina, tukaenda moja kwa moja, jua ndiyo linatoka."

"Hapo ndipo nilipofungua mlango," Gumersinda akadakia. "Baba alikuwa anakunywa supu. Nikawaambia wageni karibuni. Nazario akaingia, kasimama katikati ya nyumba kama nguzo, havui kofia. Baba anamtazama. Mtu haingii kwa watu na kofia kichwani! Baba akamwambia, kijana, kichwa kina kidonda?"

Sabino alikuwa anajifuta machozi. "Mimi naona kofia inacheza. Kichwa kimemtia joto yule ndege."

"Akavua. Mungu wangu! Kitu kikatoka kama risasi, mvvvv, kikagonga paa, kikashuka, kikapita juu ya supu, kikamzunguka mama. Mbwa wanabweka. Mama anapiga ishara ya msalaba. Vicentina amesimama pale na kijiko, anaangalia tu. Ndege akapata mlango, akaenda zake. Baba akauliza, na hicho nacho ni nini?"

"Na Nazario, ambaye hajawahi kusema maneno matatu mbele ya Vicentina, akajibu: Alikuwa amekufa, mzee. Naapa alikuwa amekufa."

Nyumba nzima ilicheka, na kaka yangu yuko kaburini siku mbili tu. Sidhani kama Mungu aliona vibaya. Vicentina mwenyewe alikuwa akinihadithia, zamani, kwamba siku ile alisema moyoni: mwanamume huyu hatanichosha. Aliolewa naye kabla ya mahindi mengine kuiva.

Lakini Nazario hakulichukulia jambo lile kama kichekesho tu. Aliniambia mara nyingi kwamba lilimsumbua kwa muda mrefu baadaye, kwa sababu alikuwa tayari kumgeuza hirizi kiumbe aliye hai ili apate mke. Tangu hapo akawa anawaangalia. Akajua kwamba hapa kwetu, ambako usiku unaua hata nyasi, ndege mdogo hivyo hawezi kuwasha moto wake hadi asubuhi, hivyo anauzima. Mwili unapoa, moyo unapiga polepole sana, anabaki kama kijiwe ukutani mpaka jua limfikie. "Kila jioni anajikabidhi," alikuwa akisema, "na kila asubuhi anarudishiwa. Sisi tunahitaji kengele na padre kukumbuka jambo hilohilo."

Kaka yangu alikuwa msuka kamba. Aliketi uani kwenye jiwe lake, amebana ncha kwa kidole cha mguu, anazungusha sufu ya alpaka na ya lama katika viganja, anasuka za kufungia mizigo, za kuongozea wanyama, na kombeo za wachungaji zenye madoa ya kahawia na nyeupe. Kazi hii humwaga vinyweleo vya sufu pande zote, na majike wa mvumaji walikuja kuviokota msimu wa kujenga. Mmoja alizoea hadi akamvuta uzi kutoka mapajani mwake.

"Mwizi wewe!" alikuwa akimpigia kelele. "Hata salamu hakuna?"

Vicentina alikuwa hai bado. Akatoka na kikapu chake cha sufu nyeupe iliyokwisha chanuliwa, akakitundika kwenye ukuta. "Mchukulie hii laini, mama," akamwambia yule ndege. "Ya huyo mzee inawasha." Kuanzia hapo ikawa desturi ya nyumba ile, mvua za kwanza zikinukia, kutundika kikapu.

Walipata watoto wawili, kaka yangu na mkewe, na wote wawili Mungu aliwachukua kabla hawajatembea. Hawakuwa watu wa kuzungumzia hilo. Lakini Vicentina alijua kila kiota cha ukuta ule. Ndiye aliyenionyesha kwamba dume, huyo mwenye koo la kijani linalong'aa, hajengi wala haleti kitu. Anapita, anajionyesha, anaondoka. Jike anajenga peke yake, anatafuta ukuta unaopata jua la kwanza na paa la kumkinga mvua, anataga mayai mawili meupe kama maharage, anayaatamia karibu wiki tatu, analisha peke yake.

"Kama wewe tu, Gumersinda," Vicentina alikuwa akimtania dada yake, ambaye mumewe alikwenda migodini hakurudi. Gumersinda naye anajibu, "Afadhali. Dume angekaa, ningemlisha na yeye."

Vicentina alipofariki nilidhani kaka yangu atamfuata upesi. Hakumfuata. Alitunza kanisa dogo la Yanakocha, akifagia na kuwasha taa ya Sakramenti padre anapokuja. Alisuka. Alitundika kikapu. Nilipomtembelea alinivuta mkono nikaone maua ya rangi ya chungwa kwenye vichaka vya miiba, akaniambia nitazame miguu. "Wa mabondeni wanakula wakiwa hewani, wanajionyesha. Huyu wetu anashika ua kwa kucha, anaketi, anakula. Hewa ya hapa nyepesi, kwa nini ajichoshe? Na wewe ukija hapa keti ule, usiwe unasimamasimama kama watu wa mjini."

Mwaka huu aliianika ile poncho nyekundu, na alipotaka kuitoa kwa ajili ya siku ya Watakatifu Wote akakuta mayai begani mwake. Sabino ndiye aliyemwazima nyingine. Sabino ni mfupi, kaka yangu mrefu. Wote waliokwenda kuzuru makaburi siku ile wanasema poncho ilimwishia kitovuni.

"Watu walimcheka?" nikamuuliza Sabino.

"Walimcheka, ndiyo. Akawaambia, ile yangu iko na mjamzito."

Siku ya tano ikafika. Tulikusanya kila kitu: suruali, mashati, kofia, soksi alizozifuma Vicentina zikiwa na viraka juu ya viraka. Mama mmoja mzee wa upande wa juu wa kijiji akaangalia lundo akauliza nyekundu iko wapi. Nikamweleza. Uso wake ukakunjamana.

"Binti yangu, ndege atajenga kwingine. Roho ya kaka yako haina kwingine."

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema amesikia mtu akisuka kamba uani alfajiri. Mwingine akasema mbwa wamekuwa wakitazama ule ukuta. Nikamtazama Gumersinda, kwa sababu alikuwa ameapa, lakini yeye pia alikuwa na hofu usoni.

"Niliapa kwa mtu aliye hai," akasema. "Sasa ni marehemu, na marehemu ana haki yake. Tutakishusha kiota polepole, tukiweke kwenye kikapu. Mimi mwenyewe nitafanya, mikono yangu haitetemeki."

Kama nilivyosema, neno lilikuwa langu, na sikulipata. Tukaenda wote nyuma ya nyumba. Gumersinda akapanda juu ya jiwe, akanyoosha mikono. Mama ndege hakuruka. Alijibanza zaidi, akapanua manyoya ya kifua, akamwelekezea mdomo wake, ule uliokuwa mwembamba kama sindano ya kushonea, huku Gumersinda ni mwanamke wa kubeba gunia la viazi bila kusaidiwa. Wakatazamana. Mwishowe ndege akaruka, akamzunguka kichwa mara moja akirindima, akaenda. Ndani ya kiota watoto wawili walisikia mtikisiko, wakadhani ni chakula. Wakafungua midomo. Walikuwa weusi, na vinyoya vilivyochomoza kama mabua, na makoo yao ya rangi ya chungwa yalikuwa wazi mbele ya vidole vya Gumersinda.

Kisha akashuka.

"Basi," akasema, akijipangusa mikono kwenye sketi ingawa hakugusa chochote. "Nazario akinijia kudai poncho, nitamwelekeza kwako."

Hapo nikalipata neno. Niliwaambia wote kwamba ndugu yangu aliitoa nguo ile akiwa na akili zake timamu, kwamba alivaa ya kuazima mbele ya kijiji kizima kwa ajili hiyo, na kwamba sitaanza kumwombea pumziko kwa kuvunja jambo la mwisho alilotaka. Tutafua leo zilizopo. Mimi nitabaki Yanakocha, na siku hao watoto watakapoondoka nitaifua poncho kwa mikono yangu, kwa sala zilezile. Mpaka wakati huo nitamwambia Mungu kila jioni kwamba kaka yangu hajachelewa kwa makosa yake, anasubiri watoto. Yule mama mzee akapumua kwa nguvu, akasema mimi ni Chuctaya kweli, vichwa vya mawe. Lakini alikuja mtoni pamoja nasi, akafua soksi.

Nilikaa Yanakocha mwezi na zaidi. Mtu aliyefiwa husema siku zinakuwa ndefu, na zangu zilikuwa ndefu, lakini hazikuwa mbaya. Asubuhi niliwapeleka alpaka wa kaka yangu malishoni. Nikirudi niliketi kwenye jiwe lake nikijaribu kuimaliza ile kamba aliyoiacha katikati. Sabino akapita akaitazama.

"Hapa panaonekana wazi," akasema akiweka kidole kwenye kamba. "Hapa alikufa Nazario, na hapa akatokea Eudosia."

"Itashika mzigo?"

"Mzigo wa sufu itashika. Usifungie lama."

Mchana nilimtazama mama ndege. Alikuja na tumbo limejaa asali ya maua na vijidudu, akaketi ukingoni, akautumbukiza mdomo wote ndani ya koo la mtoto kama mtu anayeshona, nami kila mara nilidhani atamtoboa. Hakumtoboa. Wenzao wa nchi za joto nasikia huruka upesi zaidi. Wetu wanakua polepole kwa sababu ya baridi, na kiota ni kinene kama soksi. Nilijua sasa kwa nini kaka yangu alianza siku zake upande ule wa nyumba. Nilisali rozari pale, mgongo ukutani, jua la kwanza usoni, na mara nyingi nilikuta nimetulia kabisa.

Krismasi ikapita. Asubuhi moja, kabla ya sikukuu ya Wafalme, mtoto mmoja alisimama ukingoni akapiga mabawa, akaruka, akaangukia kwenye nyasi za paa akatulia pale kwa mshangao. Wa pili akafuata. Nikamwita Gumersinda kwa sauti kama mtu anayeunguliwa. Akaja na unga mikononi.

"Wamekwenda? Mungu asifiwe. Lete beseni."

Jioni, jua linaanguka, nikaenda kuishusha poncho. Wote wawili walikuwa wamerudi kiotani, wamebanana.

"Sasa hawa wamehama au hawajahama?" Gumersinda akauliza kwa hasira.

"Wanalala nyumbani bado."

"Kama watoto wangu. Wana ndevu na wanalala nyumbani."

Tukangoja tena. Mama yao aliendelea kuwalisha mchana kwenye vichaka, nao walijifunza kushika ua kwa kucha, wakikosea, wakining'inia kichwa chini. Kisha jioni moja akarudi mmoja. Kisha hakurudi yeyote. Nikaacha jioni nyingine ipite ili niwe na hakika.

Asubuhi iliyofuata, mimi na Gumersinda tuliishusha poncho. Kiota nilikikata kwa kisu taratibu, pamoja na uzi kidogo wa Vicentina uliokishika, nikakiweka kwenye tundu la ukuta chini ya paa, pale pale. Poncho ilikuwa imepauka begani na imechafuliwa na kinyesi cha ndege. Niliifunga kwa ile kamba iliyosukwa na watu wawili, nikaibeba mgongoni. Sabino alikuja, na yule mama mzee wa upande wa juu, na katekista. Hatukuwa wengi.

Mto ulikuwa umejaa. Tulivua viatu. Katekista akasoma sala ya marehemu, nasi tukaitikia. Niliilowesha poncho, nikaisugua kwa ule mzizi wetu unaotoa povu, Gumersinda upande mmoja na mimi upande wa pili, tukaikamua tukiizungusha kama kamba. Maji yalitoka mekundu kidogo, kisha meupe. Tulisema, "Nazario, nguo zako zimekwisha. Hudaiwi. Nenda kwa Baba yako, msalimie Vicentina na watoto." Tukaosha nyuso na nywele zetu, kama inavyotakiwa. Tukaitandaza juu ya nyasi, tukala viazi tukiingoja ikauke. Jua lilikuwa kali na haikuchukua muda mrefu.

Nguo hiyo haikuwa ya kuchoma. Nilimpa Sabino. Akaivaa, ikamfika miguuni. Gumersinda akamtazama akasema anafanana na kengele, na Sabino akajibu kwamba sasa naye amelipwa aibu aliyompa Nazario siku ya Watakatifu Wote. Tulichoma tu kipande cha kitambaa kilichokuwa kimeshonwa kwenye kola, kwa ajili ya desturi. Moshi ulikwenda upande wa milima. Tukapiga ishara ya msalaba, tukaondoka mtoni bila kugeuka nyuma, tukapanda kurudi Yanakocha.